Mkana Mungu na muumini chini ya paa moja: mabishano, sala, ndoa na mazishi

Mei 2021 jumuiya ya Wakenya wasioamini Mungu, Atheists in Kenya, ilitoa tangazo fupi: katibu wake amejiuzulu kwa sababu amempata Yesu. Mitandao ilicheka kweli kweli. Lakini ukiondoa kicheko, tangazo lile lina adabu ambayo ni adimu katika ugomvi huu. Lilieleza kwamba mtu huyo hataki tena kuendeleza ukanaji Mungu. Likamshukuru kwa utumishi wake. Likamtakia heri katika uhusiano wake mpya na Yesu Kristo. Kisha likasema nafasi ya katibu iko wazi. Hakuitwa msaliti, wala hakuna aliyedai kwamba hakuwahi kuwa mkana Mungu wa kweli.

Hilo la mwisho ndilo la kushika. Mtu akitoka kanisani au msikitini, jambo la kwanza kusikika ni kwamba “hakuwa ameokoka” au “imani yake ilikuwa ya juujuu”. Na akitoka upande wa pili kurudi kwenye dini, wale aliowaacha husema ameogopa au amelishwa maneno. Pande zote mbili zinafanya jambo moja, yaani kufuta maisha ya mtu ya nyuma ili hesabu yao isiharibike. Ukitaka kujua kama mtu anaheshimu maoni ya mwenzake, usimsikilize anavyoongea na wapinzani. Sikiliza anavyowasema waliohama.

Jumuiya hiyohiyo ilisajiliwa Februari 2016, na Aprili ya mwaka uleule usajili wake ukasimamishwa baada ya watu wa dini kulalamika. Hoja ilikuwa amani na utulivu wa umma. Usajili ulirudi baadaye. Kikatiba kila mmoja ana pa kushika: utangulizi wa Katiba ya Kenya ya 2010 unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa, na ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Tanzania nayo, ibara ya 3 inasema ni nchi isiyokuwa na dini, huku wimbo wa taifa ukiwa dua tangu neno la kwanza. Sioni kwamba huu ni unafiki. Ni nchi zilizojengwa na watu wa dini ambao hawakutaka dini ya jirani iwatawale, na asiye na dini amejikuta akifaidika na kinga ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Ni wangapi? Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 chini ya kundi la wasio na dini na wakana Mungu. Kundi hilo linachanganya anayesema hakuna Mungu na yule asiyekwenda popote siku ya ibada, kwa hiyo usilitumie kama idadi ya wakana Mungu, kama wengi wanavyofanya. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu 1967, na kwa maoni yangu ilifanya busara.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kwetu, ugomvi wa mkana Mungu na muumini mara chache huwa juu ya kama Mungu yupo. Huwa juu ya sala ya chakula, kiapo, nikaha na jeneza. Baba anaweza kuvumilia mtoto asiyeamini kwa miaka 20, mradi asiambiwe mbele za watu na mtoto ahudhurie mazishi. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: dai na tendo. Dai unaweza kulibishia usiku kucha. Tendo lina ratiba, wahusika na gharama, na likiharibika halirudiwi.

Nianze na dai, kwa kuwa ndiko watu wanakopoteza nguvu nyingi.

Mabishano mengi hufa kwa sababu maswali matatu yanachanganywa. Mungu yupo? Dini ina manufaa kwa jamii? Kitabu hiki mahususi ni kweli? Mmoja anauliza la kwanza, mwenzake anajibu la pili, kisha wote wawili wanashangaa kwa nini hawaelewani. Mkana Mungu akitaja Shakahola, msitu wa Kilifi ambako tangu 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri, anazungumzia swali la pili. Hata hapo amechagua mfano ambao muumini aliyekaa mbele yake anauchukia kuliko yeye. Muumini akijibu kwa Albania, ambako serikali ya Enver Hoxha ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967, naye kafanya vilevile. Hakuna kati ya hayo mawili linalosogeza swali la kwanza hata hatua moja. Dawa yake ni kutaja swali kabla ya kuanza: “Leo tunaongea kama yupo, habari za wachungaji tuziweke kando.” Mtu akitoka nje ya mstari, mrudishe kwa swali lenyewe na usimjibu pale alipokimbilia.

Pili, mzigo wa ushahidi. Waislamu wana kanuni ya fiqhi, yaani sheria ya dini yao, inayosema ushahidi ni juu ya anayedai, na inafaa hapa kwa pande zote. Yuko mkana Mungu anayesema “hakuna Mungu”. Huyo amedai, na anadaiwa ushahidi. Yuko anayesema “sijaona sababu ya kuamini”. Huyo hajadai chochote kuhusu ulimwengu, kasema tu hali yake. Muumini asipouliza mapema anaongea na yupi, atatumia saa nzima kupiga mtu ambaye hayupo. Na wakana Mungu wengi, naomba tusemeane ukweli, huanza kama wa kwanza wakiwa na furaha, wakibanwa wanajifanya wa pili.

Tatu, hoja zisizofanya kazi. Kwa muumini, ya kwanza ni Zaburi 14:1, “Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu.” Inashindwa kwa sababu mbili. Unamnukulia mtu kitabu ambacho hakikubali kama mamlaka, na mistari inayofuata inawasema watu wanaotenda maovu na kuwala watu wa Mungu kama walavyo mkate, wala si mwalimu wa fizikia aliyekosa ushahidi. Ukitaka mstari wa kukuongoza wewe mwenyewe, 1 Petro 3:15 unataka jibu litolewe kwa upole. Kwa Waislamu, Qur’ani 6:108 inakataza kuwatukana wale wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenyewe wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa chuki bila kujua. Sababu imetajwa palepale: tusi huzaa tusi. Mhadhiri anayejaza uwanja kwa kuwacheza shere wasioamini ameisoma aya hiyo, ila huwa haitaji.

Ya pili ya muumini ni ile dau: “Bora niamini nikute hayupo, kuliko usiamini ukamkuta.” Hii ilipangwa vizuri na Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, na kwetu inasemwa na watu ambao hawajawahi kumsikia. Tatizo lake liko wazi zaidi hapa Afrika Mashariki kuliko kule Ufaransa. Hapa kanisa na msikiti vinatazamana barabarani, na dau halikuambii uingie wapi. Halafu dini zote mbili zinafundisha kwamba imani ya kujikinga, isiyotoka moyoni, haipokelewi. Ukimshauri mtu aamini kwa hesabu, umemshauri unafiki.

Kwa mkana Mungu, hoja mbovu kuliko zote ni “dini tuliletewa na wakoloni”. Kwanza historia haikubali. Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya misikiti ya mbao ya karne ya 8. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Ukristo Ethiopia ni wa karne ya 4, zama za mfalme Ezana. Pili, hata ingekuwa kweli, njia iliyoleta kitu haisemi kama kitu hicho ni kweli au uongo; mahindi nayo yalikuja na Wareno, na hakuna anayekataa ugali kwa sababu hiyo. Kinachochekesha ni kwamba muumini anatumia hoja ileile ikiwa imegeuzwa: “Kukana Mungu ni mambo ya Wazungu.” Wanarushiana jiwe moja. John Mbiti, padri wa Kianglikana wa Kenya, alishikilia kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kwa kila hali. Okot p’Bitek wa Uganda akampinga, akisema wasomi wa aina hiyo wanaivalisha miungu ya Kiafrika mavazi ya kigeni. Waafrika wawili walibishana jambo hili kwa elimu, na hakuna aliyehitaji kumwita mwenzake kibaraka.

Na kejeli. Kumwambia mtu kwamba anaongea na rafiki wa kufikirika huchekesha walio upande wako tu. Kwa watu wengi wa kwetu imani imefungamana na mama: ndiye aliyefundisha sala, ndiye aliyekesha akiomba mtoto akiwa hospitali. Ukiipiga imani, mtu anasikia umempiga mama, na kuanzia hapo hakuna hoja itakayopita. Tena kuna sheria. Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 129 cha Tanzania vinafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Nia ndiyo kiini. Kukosoa fundisho kwa hoja si sawa na kuchora picha ya matusi na kuitupa kwenye kundi la mtaa.

Mahali nako kuna uzito. Kundi la familia la WhatsApp ni mahali pabaya kuliko pote pa kubishania haya. Hakuna mtu atakayekubali kosa mbele ya shangazi, wajomba na wakwe, kwa hiyo kila jibu linaandikwa kwa ajili ya watazamaji. Hamisha mazungumzo yawe ya watu wawili. Omba ruhusa: “Tunaweza kuliongea hili, au tuliache?” Mtu akisema tuliache, liache kweli. Kabla ya kujibu hoja yake, irudie kwa maneno yako mpaka aseme “ndiyo, hivyo hasa”. Hatua hii moja inachukua dakika chache na huua nusu ya ugomvi, kwa sababu mara nyingi mtu hugundua alikuwa akijibu jambo ambalo halikusemwa.

Sasa matendo.

Mezani na kwenye vikao ni rahisi. Sala ya chakula inapoanza, asiyeamini anashusha kijiko na kunyamaza. Hakuna anayemdai “amina”. Kinachokwama ni pale mgeni anapopewa heshima ya kuongoza sala. Usitoe hotuba ya dhamiri chakula kikipoa. Sema, “Naomba mama atuongoze,” na heshima umeirudisha kwa mwenyeji. Kwa upande wa wenyeji, ukishajua mtu haamini, kumpa sala ili kumjaribu ni uchokozi, hata ukifanya kwa tabasamu. Dua ya kumuombea aongoke, anayeombewa akiwa amekaa palepale, nayo iko kundi hilo.

Kwenye nyumba za ibada, kanuni ninayoipenda ni hii: fanya yanayomhusu mwanadamu, acha yanayokiri imani. Kwenye misa ya Kikatoliki, simama watu wanaposimama, maana kusimama ni adabu. Kupiga magoti si lazima. Kaa bila kumkinga mtu wa nyuma. Watu wanapopeana amani, pokea mkono, maana jirani anakutakia amani wewe. Komunyo usiende kamwe, hata kama mstari mzima umenyanyuka, jibana wapite. Mkana Mungu anayeenda kupokea “ili nisionekane” anadhani amekuwa mpole, kumbe kwa Mkatoliki hilo ni kosa kubwa kuliko kubaki kitini. Kwenye maziko ya Kiislamu, wakati wa sala ya jeneza simama nje ya safu, nyuma. Kubeba jeneza kwa zamu, kuchimba, kusogeza udongo, kutupia zile konzi tatu watu wanapotupia: wenyeji wengi wanaona hayo kama mkono wa msaada. Ukitilia shaka, muulize mzee mmoja kando kabla, si katikati. Rambirambi toa kama wengine. Asiyeamini anayesusia mazishi kwa kuwa “ni ibada” atahesabiwa kwamba amesusia wafiwa, na hatakuwa na utetezi.

Mahakamani jambo liko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kenya na Tanzania sheria zao za viapo zinamruhusu asiye na imani ya dini athibitishe, yaani aahidi rasmi kusema kweli bila kumtaja Mungu, badala ya kuapa. Tanzania hasa, kiapo ni cha Mkristo; Mwislamu huthibitisha, na asiye na dini naye huthibitisha. Karani akiuliza dini na kunyosha kitabu, jibu ni sentensi moja: “Sina dini, nitathibitisha.” Kosa la kwanza ni kushika kitabu usichokiamini ili mambo yaende, wakili wa upande wa pili akijua, ana la kukuuliza. Kosa la pili ni la watumishi wanaoona uthibitisho kama kiapo cha daraja la chini. Uzito ni uleule, na ushahidi wa uongo una adhabu ileile inayofika kifungo cha miaka 7. Kosa baya kuliko yote ni kuruka vyote viwili, kwa sababu ushahidi uliotolewa bila kiapo wala uthibitisho unaweza kufutwa kwenye rufaa, na kesi ikaanguka nao.

Ndoa ndiyo inayovunja familia, kwa sababu watu huanza na ukumbi na kuiacha sheria mwisho. Njia nyepesi ni ndoa ya kiserikali. Kenya, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, zote zinadai taarifa ya siku 21 kabla, na mashahidi wasiopungua wawili siku yenyewe. Tatizo ni kwamba mzazi muumini haioni kama ndoa. Kwa Wakatoliki iko njia ya kati ambayo mapadri wengi hawaitangazi. Mkatoliki anayeoana na asiyebatizwa anahitaji ruhusa maalumu ya askofu. Aliyebatizwa kisha akaikana imani hadharani, nayo inahitajika ruhusa ya askofu. Masharti yanamwangukia yule Mkatoliki. Anaahidi kulinda imani yake na kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki, na mwenzake anapaswa kujulishwa ahadi hiyo. Hapo ndipo pa kusimama na kuongea. Asiyeamini hujiambia “mimi sisaini kitu” akadhani hakuna kilichoamuliwa. Kumbe suala la watoto limeshasemwa. Liongeeni kabla ya kupeleka barua parokiani, kwa maswali mahususi: ubatizo wa mtoto, mafundisho, nani atampeleka Jumapili, na mtoto akikataa akiwa na miaka 14 itakuwaje.

Kwa Waislamu njia ya kati haipo. Mwislamu mwanamume anaweza kuoa katika watu wa Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, na mkana Mungu si mmoja wao; mwanamke Mwislamu haolewi na asiye Mwislamu. Na kama mmoja ataritadi, yaani kuuacha Uislamu, ndani ya ndoa, katika madhehebu ya Shafi’i ambayo ndiyo ya pwani yetu, ndoa iliyokwisha kuingiliwa husubiri hadi eda iishe, asiporudi, imevunjika. Mirathi nayo hukatika. Kenya, mahakama ya kadhi ina mamlaka pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake, kwa hiyo mtu akitangaza kutoka amebadilisha hata mahakama. Mzazi Mwislamu anayetaka mtoto asiyeamini asibaki mikono mitupu ana mlango wa hiba, yaani kumpa mali kama zawadi, akiwa hai na akikabidhi kweli. Wengi hawaufungui kwa kuona kwamba watakuwa wamebariki. Mimi naona wanachanganya tena dai na tendo, ila deni hilo ni lao na sheikh wao.

Mwisho ni mazishi ya asiyeamini mwenyewe, na hapa wakana Mungu ni wazembe ajabu. Kenya kuna kesi kila mtu aliyesoma sheria anaijua: wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake akataka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ushindi ukoo, baada ya mwili kukaa miezi 5. Mashahidi walieleza alichokuwa akikitaka, hakikutosha. Matakwa ya marehemu juu ya maiti yake hupimwa na mahakama, lakini hayaifungi.

Kwa hiyo matakwa yaliyosemwa baa hayana uzito. Yaandike, weka tarehe, saini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao awe ndugu muumini ambaye ukoo unamsikiliza. Usiyafungie ndani ya wosia, maana wosia husomwa baada ya kuzika. Sema wazi unachokataa na unachoacha: kwa mfano hakuna mahubiri kaburini, lakini sala za matanga nyumbani ni zao. Ukikataa kila kitu, watakupuuza katika kila kitu. Ukitaka kuchomwa, jua kwamba kwa Waislamu hilo ni haramu. Wakatoliki wanaruhusiwa tangu 1963, ila majivu hayatawanywi wala, kwa kawaida, kuwekwa nyumbani. Nairobi kuna tanuri Lang’ata na Kariokor. Kaunti na wilaya nyingi hazina kabisa, kwa hiyo andika pia gari litatoka wapi na nani atalipa. Nakala moja kwa mwenzi, moja kwa yule ndugu, moja kwa wakili.